Steringi Hafi: Mwongozo kwa Wapenzi wa Filamu Zilizopigwa Mawe

Funga mlango kwanza. Si kwa sababu ya wezi, ni kwa sababu ya shemeji. Siku hizi kila ukoo una shemeji mmoja aliyejiunga na huduma tatu za kutazama filamu mtandaoni, anayetaja jina la mwongozaji kabla ya jina la filamu, na asiyeweza kukaa mbele ya runinga ya watu bila kuchomoa simu mfukoni. "Hii mbona ina asilimia 28?" atauliza, kwa sauti ya daktari aliyeshika majibu yako ya maabara. Na wewe, uliyekuwa umenyoosha miguu ukisubiri jengo lilipuke, utajikuta unasema uongo: kwamba ni watoto waliowasha, kwamba ulikuwa unatafuta taarifa ya habari, kwamba rimoti imekwama.

Mwongozo huu ni wako. Ukiufuata kwa uaminifu utaweza kuangalia filamu iliyopigwa mawe na wahakiki wa dunia nzima, ukacheka, ukalia, ukalala usingizi mnono, bila kumwomba mtu msamaha. Vifaa vinavyotakiwa ni vichache: flashi iliyojazwa muvi pale dukani mtaani, karanga za kutosha, na moyo mgumu.

Hatua ya kwanza: mjue adui

Katika muvi yoyote ya maana adui huonyeshwa mapema ili tupate muda wa kumchukia vizuri. Adui yako ni ile asilimia. Inatoka kwenye tovuti iitwayo Rotten Tomatoes, na jambo la kwanza unalopaswa kulijua ni nani aliyeizaa. Mwaka 1998 huko California, kijana mmoja aitwaye Senh Duong, mpenzi mkubwa wa Jackie Chan, alitaka kukusanya mahali pamoja yote yaliyokuwa yakiandikwa na wahakiki wa Marekani kuhusu filamu za mtu wake. Rush Hour ilikuwa inakaribia kutoka. Hivyo tu. Yaani mtambo mzima unaotumika leo kukudharau uliundwa na mtu ambaye, angezaliwa Manzese, tungemkuta kwenye benchi la mbele la kibanda umiza akipiga miluzi.

Jambo la pili ni hesabu yenyewe. Asilimia ile si alama ya mtihani, ingawa shemeji anaisoma hivyo. Wanachukua wahakiki wote, wanawagawa mafungu mawili, walioridhika na wasioridhika, kisha wanakueleza fungu la kwanza ni kubwa kiasi gani. Filamu ambayo wahakiki mia moja wameiona na wote wakasema "haina neno, inapita" itapata 100. Filamu ambayo hamsini wameipenda hadi machozi na hamsini wametaka kurudishiwa nauli itapata 50, na kwa kuwa haijafika 60 itabandikwa nyanya ya kijani iliyopasuka. Sasa niambie wewe, jioni ya Jumamosi, ungependa kuangalia ipi? Mimi ile ya hamsini kwa hamsini naifuata hata kwa mguu. Mahali walipogombana watu wenye elimu zao hapakosi kitu.

Na wanagombana kweli. Chukua marehemu Roger Ebert wa gazeti la Chicago Sun-Times, mhakiki wa kwanza wa filamu kupata tuzo ya Pulitzer, mwaka 1975. Huyu hakuwa mtu wa mchezo. Die Hard aliipa nyota mbili kati ya nne. Gladiator, iliyokuja kubeba Oscar ya filamu bora, nyota mbili vilevile. Lakini mwaka 1997 ilitoka Anaconda, ile ya Jennifer Lopez na Ice Cube kwenye boti Amazon. Filamu hiyo iliteuliwa kuwania tuzo ya filamu mbaya kuliko zote za mwaka. Ndani yake kuna mahali boti inarudi nyuma na maporomoko ya maji yaliyo nyuma yake yanapanda juu, kwa sababu mafundi waliugeuza mkanda wakadhani hatutaona. Jon Voight anamezwa na joka, anatapikwa mzimamzima akiwa ameloa ute, na kabla ya kuanguka anakonyeza jicho. Ebert aliipa nyota tatu na nusu.

Soma tena kama hukuamini. Joka limemzidi Gladiator nyota moja na nusu.

Somo la hapo si kwamba wahakiki hawajui kazi. Ebert aliandika sababu zake, na ukizisoma unaona anachokitaka: aliipima kila filamu kwa kile ilichojaribu kuwa, na Anaconda ilijaribu kuwa filamu ya joka. Kwa hiyo usiwakimbie wahakiki, mchague mmoja. Si lazima akubaliane nawe. Mhakiki anayekosea kila mara upande uleule ana thamani kubwa sana nyumbani: akisema "kelele tupu, magari yanagongana kwa saa mbili," unajua karanga ukaange lini.

Hatua ya pili: uliza kama mliangalia filamu moja

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo kesi nyingi zinapofutwa.

Mwaka 1985 ilitoka filamu ya pili ya Rambo. Wakati huo kulikuwa tayari na tuzo za kejeli ziitwazo Razzie, zilizoanzishwa mwaka 1981 na John J. B. Wilson sebuleni kwake Los Angeles. Sanamu yake ni tunda lililopuliziwa rangi ya dhahabu, na thamani yake haifiki dola 5. Rambo ilizoa. Filamu mbaya kuliko zote, ikachukua. Mwigizaji mbaya kuliko wote, Sylvester Stallone, kwa hiyo na kwa Rocky IV pamoja. Mswada mbaya kuliko yote, Stallone tena akishirikiana na mtu aitwaye James Cameron, ambaye baadaye alipata kazi nyingine kwenye meli moja inayozama. Wakati huohuo filamu iliingiza kama dola milioni 300 duniani.

Wahakiki walikuwa na hoja, tena hoja nzito. Mtu mmoja mwenye misuli anarudi Vietnam kushinda peke yake vita ambavyo nchi yake ilikwishashindwa, na watazamaji wanaombwa wapige makofi. Kwa Mmarekani wa miaka ile, aliyezika kaka au aliyeandamana kupinga vita, hilo lilikuwa kidonda kinachochezewa. Sibishani nao.

Lakini hebu sogea hadi kibandani kwetu. Tanzania Bara haikuwa na kituo chake cha televisheni mpaka mwaka 1994, kwa hiyo deki moja, runinga moja, na mikanda iliyochoka kwa kurudufiwa ndivyo vilikuwa senema ya mtaa mzima. Nchi ilikuwa imelelewa kwa siasa ya ujamaa, rafiki wa Hanoi. Na vijana waliofundishwa ubeberu ni nini darasani asubuhi, jioni walikuwa wanasimama juu ya mabenchi kumshangilia Mmarekani akiangusha helikopta ya Kirusi. Hakuna aliyeona ajabu. Vietnam ya kwenye mkanda ilikuwa msitu tu, na kusema kweli haikuwa Vietnam hata kidogo, maana picha zilipigwa Mexico. Warusi walikuwa maadui kwa sababu walikuwa upande wa pili wa steringi. Steringi ana kitambaa kichwani, ana kisu, ameonewa, na hafi. Ukimaliza hapo, siasa ya nje ya Reagan inakaa wapi?

Kisha akaja Lufufu, na mambo yakawa magumu zaidi kwa upande wa mashtaka.

Kwa msomaji aliyezaliwa juzi: Lufufu ndiye aliyekuwa akiingiza sauti ya Kiswahili juu ya filamu za kigeni, sauti moja kwa watu wote, wanaume, wanawake, watoto na majini. Kenya wana DJ Afro, Kampala wana kundi zima la mavijei wakiongozwa na VJ Jingo kwa Kiganda. Kuiita kazi hiyo tafsiri ni kuipunja. Msimulizi anakueleza adui amekasirika kwa nini, anamkumbusha steringi alikotoka, anatia utani wa kituo cha daladala, anakutahadharisha kwamba yule dada anayecheka sana si mtu mzuri. Mswada wa Hollywood anauchukua kama mapendekezo.

Sasa rudi kwenye hati ya mashtaka, moja baada ya jingine. Mazungumzo hayana ladha. Yapi? Sisi tulisikia ya Lufufu. Van Damme anaongea Kiingereza cha kujikwaa. Kwa Afro anaongea Kiswahili cha mtu aliyekulia Nairobi na hajawahi kukwama neno. Hadithi ina matundu. Msimulizi aliyaziba yote, mengine kwa matusi mepesi. Mhakiki aliyekaa New York na kijana aliyekaa Tandale waliona picha zilezile, lakini filamu zilikuwa mbili, na Razzie ya mswada ilipewa ile ambayo kijana wetu hakuisikia kabisa.

Ongeza na namna ya kukaa. Mhakiki huiona filamu kwenye ukumbi wenye utulivu, daftari mapajani, kati ya wenzake ambao kwao ni mwiko kushangilia. Wiki hiyo ameshaona nyingine nne, mbili zikiwa na mtu anayelipiza kisasi cha familia yake. Ndiyo maana anathamini jambo jipya kuliko kitu chochote. Ungekuwa wewe umekula wali maharage mara tano tangu Jumatatu ungethamini hata kachumbari. Kibandani watu wamebanana, wamelipa hela ndogo lakini ya jasho, na wanataka walichoahidiwa.

Bloodsport ya mwaka 1988 ndiyo mfano ninaoupenda. Van Damme aliteuliwa kwa filamu hiyo kuwania Razzie ya sura mpya mbaya kuliko zote. Mwanzoni tunaonyeshwa mwalimu Tanaka akimfundisha Van Damme akiwa amefungwa kitambaa machoni, mpaka anaandaa chai bila kuona. Mwishoni, kwenye mashindano ya Hong Kong, yule Bolo kifua kabati, anayeigiza Chong Li, anamrushia unga machoni. Steringi anakuwa kipofu. Mhakiki anaandika: inatabirika. Sawa, na kibanda kizima kinajua kitakachofuata, kila mtu anampiga jirani yake bega, "kitambaa! kitambaa!", na pale Van Damme anapotulia na kuanza kusikiliza badala ya kuona, hakuna filamu ya Kifaransa yenye ukimya mtamu kama ule.

Na yule afisa anayemkimbiza Van Damme mitaani bila kumpata ni Forest Whitaker, ambaye baadaye alikuja Uganda akamwigiza Idi Amin kwenye The Last King of Scotland, akaondoka na Oscar mwaka 2007. Ukibanwa na shemeji, mwambie ulikuwa unafuatilia kipaji cha Whitaker tangu mwanzo.

Hatua ya tatu: chagua ubovu kwa uangalifu

Wapenzi wenzangu hawapendi kulisikia hili, lakini filamu nyingi mbovu ni mbovu tu. Hazina hazina yoyote chini yake. Zinachosha, zimetengenezwa na watu waliokuwa wanaangalia saa, na hata Lufufu asingeziokoa. Ukishajiaminisha kwamba kila kilichokataliwa na wahakiki ni dhahabu, umekuwa shemeji mwingine, ila umegeuzwa nje ndani.

Kipimo changu ni kimoja: aliyeitengeneza alikuwa anaamini?

Ed Wood aliamini. Alipokuwa anatengeneza Plan 9 from Outer Space, nyota wake Bela Lugosi, Dracula mwenyewe, alikuwa ameshafariki Agosti 1956 na kuacha dakika chache tu za picha. Mwongozaji mwenye akili timamu angetafuta filamu nyingine. Wood alimchukua tabibu wa viungo wa mke wake, mtu mrefu kuliko marehemu na asiyefanana naye hata kwa mbali, akamwambia azunguke makaburini akiwa amejifunika uso kwa joho. Mwaka 1980 kitabu kimoja cha Marekani kiliitangaza kuwa filamu mbaya kuliko zote, na tangu siku hiyo haijakosa watazamaji. Tommy Wiseau naye aliamini. Aliandika, akaongoza, akalipia na kuigiza mwenyewe The Room mwaka 2003, akidhani anatoa tanzia ya mapenzi. Wiki mbili za kwanza Los Angeles iliingiza dola 1,800. Baadaye watu wakaanza kurudi, usiku wa manane, na vijiko vya plastiki mifukoni, maana sebuleni mwa filamu hiyo kuna picha ya kijiko kwenye fremu na filamu haielezi kwa nini. Kila kikionekana, vijiko vinaruka ukumbi mzima.

Kisha kuna Wakaliga, na hapa naomba tuongee kwa adabu. Isaac Nabwana, kwenye mtaa huo wa Kampala, alitengeneza Who Killed Captain Alex? mwaka 2010 kwa fedha ambazo Hollywood hazitoshi chai ya asubuhi. Kompyuta aliziunga mwenyewe. Silaha zilichomelewa mtaani. Helikopta inaonekana wazi kwamba imepachikwa. Vijei Emmie anashangilia filamu ikiwa inaendelea, kama wanavyofanya vibandani, na ndiyo maana watu wa mabara mengine walipoiona walipata kwa mara ya kwanza kionjo cha kukaa kwenye benchi letu. Wapo wanaoicheka kutoka juu. Mimi naiweka kwenye mwongozo huu kwa shingo upande, kwa sababu Nabwana anajua kabisa anachofanya, na furaha iliyomo mle imewashinda wengi wenye mabilioni.

Wasioamini ni wale wanaotengeneza ubovu makusudi. Papa wanaoanguka na kimbunga mjini, wamefanya sehemu ya kwanza, ya pili, hadi ya sita. Mtu anayejitekenya mwenyewe hahitaji watazamaji. Pita.

Hatua ya nne

Haipo. Mkanda ulikatika hapa. Walio nyuma punguzeni miluzi, fundi anasafisha hedi.

Hatua ya tano: gawaneni rimoti

Usidhani vita ni kati yako na wahakiki peke yao. Ndani ya nyumba moja kuna ladha tano na runinga moja. Bibi aliyekulia Unguja au Mombasa enzi za majumba ya senema atakwambia filamu bila nyimbo sita ni taarifa ya habari. Yeye ndiye wa Sholay. Filamu hiyo ilipotoka India Agosti 1975 wajuzi wa biashara waliitangaza imeanguka, na tuzo za Filmfare zilipogawiwa iliambulia moja tu, ya uhariri. Halafu ikakaa kwenye ukumbi wa Minerva, Bombay, zaidi ya miaka mitano. Watu walinunua hadi santuri za mazungumzo yake, wakamsikiliza Gabbar Singh nyumbani. Bibi hajui habari ya Filmfare na hataki kuijua.

Shangazi ni wa Mithun. Usimguse Mithun mbele ya shangazi. Disco Dancer yake ya mwaka 1982 ina kijana anayetikisa India nzima kwa disko. Maadui wanatega umeme kwenye gitaa lake. Mama yake anawahi kulishika yeye, anakufa. Na tangu hapo kijana akiona gitaa anatetemeka. Ndiyo, hofu ya gitaa. Mhakiki anaona kichekesho. Shangazi anaona mama aliyekufa badala ya mwanawe, na ameshatoa leso. Urusi ya Kisovieti walijaa kumwona Mithun kwa makumi ya mamilioni, wakikubaliana na shangazi na si na mhakiki. Ukweli ni kwamba wote wawili wanaona sawasawa. Gitaa linachekesha na mama anauma. Ni kwamba mmoja alikuja na leso na mwingine na kalamu.

Watoto wana yao. Baby's Day Out ya mwaka 1994, ile ya kichanga anayetambaa Chicago nzima huku wezi watatu wakivunjika viungo, ilianguka Marekani kwa wahakiki na kwa mauzo. Bara Hindi iliwapagawisha watu kiasi kwamba mwaka uliofuata Watelugu walishatoka na ya kwao. Unaelewa kwa nini: kichanga haongei. Hakuna cha kutafsiri, hakuna cha kupotea njiani, mwizi akipigwa na ubao anapigwa na ubao kwa lugha zote.

Hata malalamiko hutofautiana na mahali. Bohemian Rhapsody ya mwaka 2018, ya maisha ya Freddie Mercury, iliwakera wahakiki wengi kwa kupangua tarehe: ugonjwa wake umesogezwa kabla ya tamasha la Live Aid la mwaka 1985 ili tulie vizuri. Malek, aliyemwigiza, akapata Oscar hata hivyo. Mzanzibari akiiangalia naye anakereka, ila kwa sababu nyingine kabisa: mtoto kazaliwa Mji Mkongwe mwaka 1946, na Unguja imetajwa harakaharaka mezani wala hawakuonyesha hata mlango mmoja uliochongwa.

Na mtu wa filamu za taratibu, yule anayekwenda tamasha la filamu la ZIFF pale Ngome Kongwe kuangalia mzee akichota maji kwa dakika kumi na mbili, naye apewe zamu yake ya rimoti. Usigune. Ukiguna, utakuwa umemfanyia kile unacholalamikia kufanyiwa. Lala kidogo, kama hali ni ngumu. Wengi wao hulala pia, ila wamejifunza kulala wakiwa wameshika kidevu.

Hatua ya sita: ukikamatwa

Siku moja mlango hautafungwa vizuri. Usikimbilie kisingizio cha "naiangalia kwa sababu ni mbaya." Hicho ni kisingizio cha waoga. Kama joka limekusisimua, sema limekusisimua.

"Shem, kwani humu unaona nini?"

"Naona nyoka anameza mtu, shem."

"Lakini huyo nyoka ni wa kompyuta."

"Na yule samaki uliyemlilia Idi iliyopita alivuliwa Feri?"

Jifunze kwa Halle Berry. Mwaka 2005 alishinda Razzie kwa ajili ya Catwoman. Washindi wa Razzie huwa hawatokei. Yeye alitokea, ameshika Oscar yake mkono mmoja, akaipokea ile ya dola 5 kwa mkono wa pili, akatoa hotuba ya kushukuru huku akilia machozi ya uongo na kumtaja kila aliyehusika. Miaka mitano baadaye Sandra Bullock akafanya hivyohivyo kwa All About Steve: akaingia ukumbini na mkokoteni uliojaa nakala za filamu, akawagawia wapiga kura waende wakaiangalie kweli, maana alishuku hawajaiona. Kesho yake jioni akapokea Oscar kwa filamu nyingine. Wikiendi moja, mwanamke mmoja, mbovu kuliko wote na bora kuliko wote.

Usisahau kumpa shemeji haki yake. Filamu ndogo zisizo na mabango, zisizo na bajeti, zinafika kwetu kwa sababu mhakiki mmoja amepiga kelele hadi akasikika. Akikuletea moja, iangalie mpaka mwisho. Akikuuliza umeionaje, usimtajie asilimia.

Hatua ya mwisho: jihadhari na heshima

Hatari kubwa kuliko zote haitoki kwa wanaoichukia filamu yako. Inatoka siku watakapoanza kuipenda.

Razzie za kwanza kabisa zilimteua Stanley Kubrick kuwa mwongozaji mbaya kwa ajili ya The Shining. Brian De Palma aliteuliwa hivyo kwa Scarface. Ennio Morricone, mzee wa filimbi za kauboi tunazozijua wote, aliteuliwa kwa muziki wa The Thing ya John Carpenter, filamu iliyosagwa na wahakiki mwaka 1982 kana kwamba imewatukania wazazi. Leo zote tatu zinafundishwa vyuoni. Vertigo ya Hitchcock ilipokewa kwa mguno mwaka 1958. Mwaka 2012 wahakiki waliopiga kura kwenye jarida la Uingereza la Sight and Sound waliiweka namba moja ya filamu zote.

Itakufika na wewe. Watatoa toleo jipya la Bloodsport lililosafishwa, rangi zinang'aa, lenye kijitabu cha maelezo kilichoandikwa na profesa, na ndani yake profesa atafafanua kile kitambaa cha machoni kwa maneno marefu. Sauti itakuwa ya Kiingereza tupu. Wataionyesha kwenye ukumbi wenye kiyoyozi, na ukipiga kelele ya "kitambaa!" mtu atageuka na kukuambia "shhh".

Usibishane nao, na usijisifu kwamba uliwatangulia, wapishe. Chukua karanga zako uende ukatafute nyingine ambayo bado hakuna mwenye shahada aliyeigusa. Catwoman, kwa mfano, iko wazi kabisa hadi naandika hivi: ina mjeledi, ina paka, ina vipodozi vyenye sumu, na Halle Berry anacheza mpira wa kikapu kwa namna ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuucheza. Ila wahi, maana nimeshaanza kusikia watu wakisema ilitangulia wakati wake.